Kuuza ngono Kenya: kosa liko wapi hasa, na haki zipi hazimtoki mtu

Kila msako wa usiku unapopita Koinange Street jijini Nairobi au katika mitaa ya starehe ya Mtwapa, mabishano hurudi yale yale. Huyu atasema ukahaba ni haramu, kwa hiyo waliokamatwa wamekamatwa kihalali. Yule atajibu kwamba hakuna sheria inayoukataza, waachiliwe. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na kipande kilichoanguka katikati ndicho kinachowaumiza watu. Mwanamume anayempiga mwanamke ndani ya loji saa nane za usiku huwa anategemea jambo moja, kwamba mwanamke huyo hatakwenda polisi, maana anajiona mhalifu. Askari anayedai pesa kando ya barabara hutegemea jambo hilo hilo. Ndiyo maana inafaa kulielewa suala hili kwa usahihi, hata kwa msomaji ambaye hajawahi kuikaribia biashara hiyo.

Tuanze na maneno. Malaya, kahaba, changudoa na dada poa ni majina ya kumshusha mtu, na hayaelezi chochote kisheria. Mfanyakazi wa ngono, kama tunavyolitumia jina hilo hapa, ni mtu mzima mwenye miaka 18 au zaidi, mwanamke au mwanamume, anayefanya ngono kwa hiari yake na kwa malipo. Ukiondoa neno lolote kati ya hayo, unazungumzia jambo jingine kabisa. Aliye chini ya miaka 18 hafanyi kazi ya ngono, anadhulumiwa. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, kifungu cha 15, inampa anayemtumia mtoto hivyo kifungo kisichopungua miaka 10. Anayesafirishwa kwa ahadi ya kazi ya hoteli Mombasa au ya nyumbani huko Ghuba, kisha akanyang'anywa pasipoti na kulazimishwa kulala na wanaume, ni mhasiriwa wa ulanguzi wa binadamu. Sheria ya 2010 dhidi ya ulanguzi humwadhibu mlanguzi kwa kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Kusema kwamba mhasiriwa alikubali kusafiri hakumwokoi mlanguzi aliyemdanganya.

Sasa turudi kwa mtu mzima na hiari yake. Mfikirie mama anayechoma mahindi. Kuchoma mahindi si kosa, na kuyauza si kosa. Lakini akiliweka jiko kando ya barabara bila kibali cha kaunti, kanjo, yaani askari wa kaunti, watalibeba. Sheria ya Kenya imekaa karibu hivyo kuhusu ngono ya malipo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, haina kifungu kinachosema kwamba mtu mzima akilala na mtu mzima mwenzake kwa pesa, faraghani, ametenda kosa. Inachokataza ni mambo yanayoizunguka biashara hiyo.

Kifungu cha 153 kinamhusu mwanamume anayeishi kwa mapato ya ukahaba, au anayeshawishi watu mara kwa mara hadharani kwa nia hiyo. Cha 154 kinamhusu mwanamke anayeishi kwa mapato ya ukahaba, au anayemwongoza na kumtawala kahaba kwa faida yake. Cha 156 kinahusu danguro. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 ikaongeza kifungu chake cha 17 dhidi ya anayemwingiza mwenzake katika ukahaba au kuitawala kazi yake kwa faida: kifungo kisichopungua miaka 5, au faini ya shilingi 500,000, au vyote. Vifungu hivi vililenga kuwadi na mwenye danguro.

Tatizo ni ile lugha ya "kuishi kwa mapato". Je, anayekula jasho lake mwenyewe anaingia humo? Maneno hayo yalitoka kwa Waingereza na yakapandwa katika koloni zao nyingi, ndiyo maana uamuzi wa Malawi unatufaa hapa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Zomba iliwafutia hatia wanawake waliokuwa wamehukumiwa kwa kosa la kuishi kwa mapato ya ukahaba. Ilisema kifungu hicho kiliwekwa dhidi ya wanaowanyonya makahaba, si dhidi ya makahaba wenyewe. Uamuzi wa Malawi haumfungi hakimu wa Kenya, lakini wakili anaweza kuuweka mezani.

Palipobaki panajazwa na sheria ndogo za kaunti, na hapa ndipo kamatakamata nyingi hutokea. Sheria ndogo za Nairobi kuhusu kero za umma, zilizoandikwa 2007, zinakataza kuzurura au kushawishi watu mahali pa umma kwa nia ya ukahaba, na miji mingine ina maneno yanayofanana na hayo. Zingatia maneno mawili, mahali pa umma na nia. Upande wa mashtaka una kazi ya kuithibitisha nia hiyo mbele ya hakimu. Sketi fupi si ushahidi wa nia. Kusimama karibu na baa saa tano za usiku si ushahidi wa nia. Mwaka 2020, tarehe 4 Desemba, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilitoa maoni ya kisheria kwamba sheria za uzururaji zinazomkamata mtu kwa hali yake, bila tendo lolote la jinai, zinakiuka Mkataba wa Afrika, na ikazitaka nchi kuzibadilisha.

Usichukue maelezo haya ya Kenya ukavuka nayo mpaka. Uganda imelifanya tendo lenyewe kuwa jinai, na adhabu yake yafika miaka 7. Tanzania, katika kifungu cha 176 cha Kanuni za Adhabu, inamtaja kahaba anayezurura au kushawishi watu hadharani. Nyimbo zinafanana, ala ni tofauti.

Kuna fundo jingine ambalo hukorofisha kila mjadala wa redioni. Watu husema "kuhalalisha" wakidhani neno hilo lina maana moja. Senegal imehalalisha tangu 1969 kwa njia ya usajili: mwanamke awe na miaka 21, ajiandikishe, abebe kadi ya afya na apimwe mara kwa mara. Asiye na kadi bado ni mkosaji. New Zealand mwaka 2003 ilifanya jambo tofauti, yaani kuondoa jinai: biashara hiyo ikawekwa chini ya sheria za kawaida za kazi, afya na usalama, na ulazimishaji ukabaki kosa. Sweden tangu 1999 humwadhibu mnunuzi na kumwacha muuzaji. Anayepinga la Senegal huenda angekubali la New Zealand, au kinyume chake. Kabla ya kubishana, muulize mwenzako anazungumzia lipi.

Madhara ya sheria ya Kenya kwa usalama huonekana kwa urahisi ukiitazama nyumba ya kupanga. Wanawake wawili wakikaa pamoja ili mmoja asikie mwenzake akipiga kelele, nyumba yaweza kuitwa danguro. Wakimlipa kijana alinde mlangoni, huyo kijana aweza kuambiwa anaishi kwa mapato ya ukahaba. Kifungu cha 153 hata kinaruhusu korti imdhanie hivyo mwanamume anayekaa na kahaba au kuandamana naye kila mara, mpaka athibitishe vinginevyo. Njia za kawaida za kujilinda, yaani kuwa wawili, kuwa na mlinzi na kuwa na chumba unachokijua, ndizo zinazokaribiana na kosa. Kufanya kazi peke yako gizani ndiko kunakokaribia kuwa salama kisheria. Sheria inayompa mtu chaguo la namna hiyo imekosea mahali.

Hata hivyo, haki za msingi hazikuandikiwa watu wa kazi fulani. Katiba ya 2010 inasema "kila mtu". Ibara ya 28 inalinda utu, ya 29 inakataza ukatili uwe wa serikali au wa mtu binafsi, ya 31 inalinda faragha ya mwili, nyumba na mawasiliano, na ya 43 inakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura.

Uzushi mbaya kuliko wote ni ule usemao malaya habakwi. Dereva wa bodaboda aliyekubali kukupeleka Kawangware kwa shilingi 200 hakukubali umpore pikipiki mkifika Kawangware. Ridhaa ni ya tendo fulani, na mtu fulani, kwa masharti fulani, na yaweza kuondolewa. Akikubali mmoja, hakukubali watatu waliokuwa wamejificha bafuni. Akisema basi, ni basi, hata kama pesa zimeshalipwa. La pesa ni la kuzungumzwa baadaye. Ubakaji adhabu yake huanzia miaka 10, na wa genge huanzia miaka 15. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Makosa ya Ngono kinaweka mipaka kwa maswali ya wakili kuhusu maisha ya kingono ya mlalamishi, na Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 124, inaruhusu korti kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mlalamishi peke yake ikiwa hakimu ameridhika kwamba anasema kweli na ameandika sababu zake.

Mteja anayekataa kulipa ni suala tofauti. Korti haziitambui mikataba ya ngono, kwa hiyo deni hilo halidaiki kortini. Ndiyo maana wazoefu hupokea pesa kwanza, kabla ya kuvua hata kiatu. Anayevua kondomu kimyakimya naye amekiuka makubaliano, ingawa sheria ya Kenya haijalitaja tendo hilo waziwazi na kesi yaweza kuwa ngumu. Ugumu wa kesi usikucheleweshe hospitali.

Hospitali ndiyo ya kwanza, kabla ya polisi. Dawa za PEP za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Zikishaanza humezwa siku 28 bila kuruka. Wengi huziacha wiki ya pili kwa sababu ya kichefuchefu. Ukipata kichefuchefu, rudi kliniki ubadilishiwe au upewe dawa ya kukituliza, usiache. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, ambavyo wengi huviita P2, hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mapema, na mwisho wake ni siku 5. Matibabu haya kwa aliyebakwa ni bure katika hospitali za umma.

Usioge, usijioshe ndani, usipige mswaki ikiwa mdomo ulihusika. Nguo ulizovaa zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, gazeti au khaki. Plastiki hufungia unyevu, nguo huota ukungu, na ushahidi huharibika. Kama ulikabwa koo, mwambie daktari hata kama hakuna alama. Sauti ikikwaruza au kumeza kukiuma, uvimbe waweza kuongezeka saa kadhaa baadaye na kuziba pumzi.

Daktari au afisa wa kliniki hujaza fomu ya PRC, yaani ya huduma baada ya ubakaji, inayotoka kwa nakala tatu: moja ya polisi, moja yako, moja ya hospitali. Omba nakala yako. Polisini tukio huandikwa katika kitabu cha matukio (OB), nawe unapewa nambari ya OB. Bila nambari hiyo, kwa polisi ni kama hujafika. Kisha unapewa fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, ambayo hailipiwi, na inarudishwa kwa daktari aijaze.

Je, ulazimike kusema unafanya kazi gani? Kazi yako si sehemu ya kosa la ubakaji. Yanayothibitishwa ni kwamba uliingiliwa, hukuridhia, na aliyefanya ni huyu. Lakini usitunge hadithi. Ukisema mlikutana kanisani, kisha wakili wake akatoa jumbe zenu za bei, hakimu ataanza kutilia shaka hata yaliyo kweli. Ni bora kusema, "Tulikubaliana kukutana, sikukubaliana na alichonifanyia," na kusimama hapo.

Kukamatwa nako kuna kanuni zake, na ukizijua huenda ukalala nyumbani. Uliza unakamatwa kwa kosa gani. Ibara ya 49 inakupa haki ya kuambiwa papo hapo kwa lugha unayoielewa. Uliza jina na nambari ya askari. Kanjo wengi hawavai sare, kwa hiyo omba kitambulisho kabla ya kuingia gari lolote. Usikimbie wala usimvute askari shati, maana kosa dogo la sheria ndogo laweza kugeuka kuwa kumshambulia afisa. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke, kwa staha. Una haki ya kunyamaza. Hulazimiki kueleza ulikuwa ukimsubiri nani. Usitie sahihi maandishi ambayo hujayasoma.

Pesa zinazodaiwa barabarani si faini. Faini hutozwa na hakimu na kuandikiwa risiti. Dhamana ya pesa taslimu ya polisi nayo ina risiti, na pesa zake hurudi kesi ikiisha. Lazima ufikishwe kortini ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiisha nje ya saa za korti, ambapo utasubiri hadi siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana wakamataji wengi hupenda Ijumaa usiku. Lakini ipo sehemu ya Ibara ya 49 ambayo watu wengi hawaijui: mtu hawekwi rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6. Makosa mengi ya sheria ndogo yamo humo. Itaje kwa utulivu, kwa jina na nambari.

Asubuhi kortini ndipo kosa kubwa hufanyika. Watu ishirini husimamishwa pamoja, na mnong'ono hupita kwamba ukikubali kosa utalipa kidogo na kwenda zako. Wengi hukubali. Kukubali ni hukumu, na hukumu huingia kwenye kumbukumbu. Mwaka mmoja baadaye, unapoomba cheti cha mwenendo mwema ili uende kazi Qatar au Saudia, yaweza kujitokeza. Ukikana, hati ya mashtaka italazimika kuthibitishwa, na mara nyingi shahidi hana cha kusema zaidi ya kwamba ulikuwa umesimama. Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliundwa chini ya sheria ya 2016 kwa ajili ya wasio na uwezo wa wakili. Makundi ya wafanyakazi wa ngono kama BHESP na KESWA nayo yana wasaidizi wa kisheria waliozoea kesi hizi. Weka nambari yao kichwani, kwa sababu simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa.

Kondomu mkobani si kosa. Serikali yenyewe huzigawa bure. Askari anayezitumia kama ushahidi anawafunza watu wasizibebe, na gharama yake hulipwa na mji mzima. Kupimwa virusi kwa nguvu pia ni marufuku, chini ya Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006. Mahakama Kuu ya Malawi mwaka 2015 iliamua kwamba wanawake waliopimwa kwa lazima baada ya kukamatwa mjini Mwanza, Malawi, kisha majibu yao yakasomwa kortini, walivunjiwa haki.

Tukija kwenye kujilinda kwa kila siku, vitu vidogo ndivyo huokoa. Kabla ya kuingia gari, tembea hadi nyuma, piga picha nambari ya gari, umtumie mwenzako, na mteja aone kwamba umeituma. Anayekusudia mabaya mara nyingi hughairi hapo. Panga na mwenzako muda wa kupiga simu na neno la siri, kwa mfano "mtoto amelala?", ambalo maana yake ni njoo. Chagua loji unayoijua na ambayo mhudumu anakufahamu. Funguo ikae upande wako, viatu vikae mahali unapoweza kuvivaa haraka. Usivae skafu au mkufu mzito shingoni. Kinywaji ulichokiacha mezani ukaenda msalani, kiache moja kwa moja. Mchele, yaani dawa ya kulevya inayotiwa kwenye kinywaji kwa siri, hauwekewi wanaume peke yao.

Kondomu za mpira na mafuta hayapatani. Vaselini na mafuta ya nazi hudhoofisha mpira ndani ya dakika chache, kwa hiyo tumia kilainishi cha maji. Mbili kwa pamoja husuguana na kupasuka. Soma tarehe, bonyeza pakiti usikie hewa, na usizikalie mfuko wa nyuma mchana kutwa, kwa sababu joto huziharibu. PrEP, dawa ya kujikinga na virusi vya UKIMWI, humezwa kabla ya ngono, PEP baada. Watu huzichanganya na kudhani kidonge kimoja cha PrEP asubuhi ya pili kinatosha. Hakitoshi.

Simuni kuna hatari zake. Malipo ya M-Pesa humwonyesha mteja jina lako, kwa hiyo fikiria kabla ya kutoa nambari uliyoisajili. Ujumbe wa malipo wa uongo huja kutoka nambari ya kawaida. Angalia salio, si ujumbe. Picha usizichukue zenye uso wako pamoja na dirisha au lango linalotambulika. Mtu akikutishia kusambaza picha zako za faragha, hifadhi vitisho vyote na tarehe zake bila kufuta, wala usilipe, kwa sababu anayelipwa mara moja hurudi. Kusambaza picha hizo ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, adhabu yake yaweza kufika shilingi 200,000, au kifungo cha miaka 2, au vyote.

Simu ya bure ya ukatili wa kijinsia ni 1195, na polisi ni 999 au 112. Aliyekudhulumu akiwa ni askari, malalamiko hupelekwa IPOA, mamlaka huru ya kuchunguza polisi. Wapelekee nambari ya askari au ya gari, kituo, tarehe, saa na nambari ya OB. Huhitaji wakili kuandika barua hiyo, wala huhitaji kueleza ulikuwa barabarani kwa shughuli gani.